Kamyo inabeba mawe, kichwa cha shofere kinabeba nini?

Mara nyingi hapa tumezungumza juu ya kofia, viatu, miwani na vumbi. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho hakuna mtu aliyekuja kwangu dispanseri kukilalamikia kwa jina lake. Mashofere wanakuja na mgongo. Wanakuja na shingo, na tumbo linalowaka, na kichwa kizito. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia: «Muuguzi, kutikisika kwa kamyo kunanimaliza akili.» Ndiyo sababu naandika.

Shofere wa mgodini anakaa posti nzima juu ya kamyo ya tani mia. Anashuka shimoni kamyo ikiwa tupu, anapanda ikiwa na mawe, na wakati wote huo mwili wake unatikiswa. Kwamba mtikisiko unaumiza mgongo, sote tunajua. Mimi nasema unafanya na jambo lingine: unakula sehemu ya akili ambayo shofere anaihitaji kwa kuendesha. Na sisi, tunapohesabu uchovu wake bila kuhesabu mtikisiko, tunahesabu vibaya na kumhukumu vibaya.

Nianze na kazi yangu mwenyewe, maana mimi si shofere. Siku nyingi nimesafiri nyuma ya ambulansi pamoja na mgonjwa. Kazi yangu mle ndani ni ndogo: kushika mkono wake, kutazama saa, na kuhesabu mapigo ya moyo kwa nusu dakika. Kwenye lami nahesabu bila shida huku nikimtuliza mama wa mgonjwa. Tukiacha lami na kuingia njia ya mashimo, mambo yanabadilika. Kwanza naacha kuzungumza. Siamui kuacha, maneno yanakwisha yenyewe. Halafu mshale wa saa unaanza kucheza mbele ya macho. Kidole kinateleza kutoka kwenye mshipa, nakirudisha, na hapo nimesahau kama nilikuwa ishirini na sita au ishirini na nane. Naanza upya. Nikifika hospitali nimechoka kama mtu aliyelima shamba, nami sikulima kitu. Nilikaa tu nikahesabu.

Kuhesabu si kazi ngumu, mtoto wa darasa la kwanza anaweza. Basi akili yangu ilikwenda wapi? Ilikwenda kwenye kidole, kwenye macho, kwenye miguu iliyokuwa inajikaza nisianguke juu ya mgonjwa. Kichwa cha mtu ni kama sufuria moja: ukijaza maji, nafasi ya unga inapungua. Nami nilikuwa abiria, sikuwa na volani, wala freni, wala radio inayoniita, wala kamyo nyingine inayokuja mbele yangu kwenye kona.

Ili muelewe vizuri zaidi, fanyeni jaribio hili sasa hivi, mezani, hata watoto wanaweza. Shika gazeti hili mbele yako bila kulisogeza, halafu tikisa kichwa kushoto na kulia, kama mtu anayekataa. Unaona? Bado unasoma. Sasa kiache kichwa kitulie, na utikise gazeti kwa kasi ileile. Herufi zinapotea.

Sababu ni hii. Ndani kabisa ya kila sikio kuna vijia vitatu vilivyopinda kama bangili, vimejaa maji, na karibu navyo vifuko viwili vyenye chembe ndogo kama mchanga. Vijia vinahisi kichwa kikigeuka, vifuko vinahisi kichwa kikisukumwa mbele, pembeni, juu au chini. Kichwa kikisogea kulia, sikio linayaambia macho yageuke kushoto kwa kiasi kilekile, mara moja, bila wewe kufikiri. Kwa hiyo dunia haichezi unapotembea. Lakini hakuna anayeyapa macho habari za gazeti linalotikisika. Hapo macho yanapaswa kulifukuza yenyewe, nayo si hodari kwa kazi hiyo.

Sasa mweke shofere katika picha hiyo. Anapotazama njia iliyo mbali, masikio yanamsaidia. Anaposhusha macho kutazama saa ya mafuta, au taa ya joto la injini, taa hiyo nayo inatikisika, tena haifuati kichwa chake sawasawa. Msaada wa masikio unageuka kuwa fujo. Inambidi atazame kwa muda mrefu zaidi ndipo asome, na muda anaotazama chini ni muda asiotazama mbele. Mashofere wengi wanatatua jambo hili kwa njia moja tu: wanaacha kutazama saa. Nimewauliza, wamenijibu wakicheka. «Injini ikichoka nitaisikia.»

Na kweli, wanaisikia. Hapa lazima niwe wa haki, maana mtikisiko si adui tu. Shofere mzuri anasoma njia kwa kiuno chake. Gurudumu likianza kuteleza kwenye matope ya mwezi wa kwanza, kiti kinamwambia kabla ya macho. Freni ikivuta upande mmoja, mgongo unajua. Mzee mmoja aliyefundisha vijana wengi kuendesha aliniambia kwamba anamtambua mwanafunzi mbaya kwa jambo hili: anaendesha kwa macho peke yake. Mwendo wa gari ni habari, na mwili wa shofere ni sikio linalopokea habari hiyo.

Lakini je, mama, umepata kumsikia mtoto akilia chumbani wakati jirani anatwanga sombe dirishani kwako? Kilio kipo. Sikio lako ni zima. Ila kila mchi unaposhuka unafunika kilio, na wewe unasimama, unanyamaza, unatega sikio, unashindwa kufanya jambo lingine lolote. Njia mbovu na kiti kibovu ndiyo kutwanga huko. Habari ndogo ya gurudumu linaloteleza imezama ndani ya mapigo mia ambayo hayana habari yoyote, na shofere anatumia nguvu ya kichwa kuitafuta. Kadiri anavyoitafuta ndivyo anavyopungukiwa kwa mengine.

Mengine hayo nimeyaona kwa macho. Kwa ruhusa ya shefu wa ekipe nilipanda kamyo na kukaa kiti cha pili posti moja ya mchana. Kwenye kipande cha njia ambacho mashine ya kusawazisha ilikuwa imekipita asubuhi, shofere aliniambia juu ya mtoto wake anayesoma Likasi, akajibu radio, akaniuliza na bei ya unga. Tulipofika chini, karibu na mahali pa kupakia, ambako mawe yanaanguka kutoka kwenye kamyo zilizotangulia na hakuna anayeyaondoa, habari za mtoto zilikatika katikati. Radio iliita, hakujibu. Iliita tena. Nilimgusa bega, akashtuka: «Wameniita?» Hakuwa amelala, wandugu, wala hakuwa mlevi wala mzembe. Alikuwa anafanya kazi kuliko wakati wowote wa siku ile, na ndiyo sababu hakusikia.

Tazameni pia jambo hili. Katika gari linaloyumba, abiria anatapika na shofere hatapiki. Kwa nini, na wote wawili wanayumbishwa sawasawa? Kwa sababu shofere anajua kona inakuja kabla haijafika, ubongo wake umekwisha kuandaa mwili. Abiria anashtukizwa. Sasa kuandaa huko si bure. Kila shimo, kila kona, kila mteremko, ubongo wa shofere unapiga hesabu kabla ya wakati, kutoka mwanzo hadi mwisho wa posti. Akipumzika katika hesabu hiyo kidogo tu, yeye naye anakuwa abiria.

Nimesema juu ya mtikisiko unaojaza kichwa. Kuna mwingine, na huo naogopa zaidi. Ni ule laini.

Mama anamfunga mtoto mgongoni, anatembea, anatikisa kidogo kidogo, mtoto analala. Hakuna aliyetufundisha hilo shuleni. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha RMIT, huko Melbourne, Australia, walichapisha jaribio lao juu ya watu wakubwa. Waliwaketisha watu 15 kwenye kiti cha gari ndani ya maabara, mbele ya picha ya barabara isiyo na mambo mengi, na wakakitikisa kiti polepole, mara 4 hadi 7 kwa sekunde. Siku nyingine waliwaketisha vilevile bila kutikisa. Watu hao walikuwa wamelala vizuri na walikuwa wazima. Walipotikiswa, katika dakika 15 tu dalili za usingizi zilianza kuonekana kwenye mapigo ya moyo wao. Kufika dakika 30 iliwabidi wajilazimishe sana kukaa macho. Usingizi uliendelea kupanda hadi saa nzima.

Mara 4 hadi 7 kwa sekunde. Wanaopima mitikisiko wanajua kwamba mwili wa mtu aliyeketi unaitikia zaidi ya yote mitikisiko ya karibu mara 5 kwa sekunde, ya kupanda na kushuka. Tumbo na kifua vinacheza pamoja na kiti. Gari kubwa, iwe kamyo ya mgodini au kamyo inayopeleka shaba Kasumbalesa, zina mitikisiko mingi ya aina hiyo. Shofere hajui kama anabembelezwa. Anadhani amechoka tu, au chakula kilikuwa kizito.

Basi unganisheni hayo mawili. Shofere ametoka chini, kwenye mawe, kichwa kimejaa mpaka juu. Sasa amepanda, amefika kwenye njia nzuri ya kwenda kumwaga, kilomita moja au mbili, taa za kamyo zinaonyesha kitu kilekile, injini inanguruma sauti ileile, kiti kinabembeleza. Ni kabla ya mapambazuko, saa ambazo mwili wa kila mtu unadai usingizi. Kichwa kilichobeba mzigo mzito kimetua mzigo, na kinapotua hakibaki tayari kama zamani; kinatafuta pa kulala. Hayo ni maoni yangu mimi muuguzi, lakini mashofere niliowaeleza hawakunibishia. Wamesema: «Chini hatulali. Tunalala juu, kwenye njia nzuri.»

Kuna mzee mmoja ambaye sitamtaja, na kampuni sitaitaja. Ni mahali nilipofanya kazi kabla ya kuja hapa. Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2019, mwisho wa posti ya usiku. Alifika mahali pa kumwaga, akageuza kamyo, akarudi nyuma, hakusimama pale alipozoea kusimama. Magurudumu ya nyuma yalipanda tuta la udongo linalowekwa ukingoni. Bahati nzuri tuta lilikuwa la urefu unaotakiwa, nusu ya gurudumu. Lilimzuia. Chini yake palikuwa na mteremko ambao sipendi kuufikiria mpaka leo.

Walimleta kwangu. Nilipima pombe: hakuna. Nilipima presha, nikatazama macho, nikamuuliza alilala saa ngapi. Alisema saa sita, na mke wake alinithibitishia baadaye. Kwenye karatasi palikuwa na mstari wa sababu. Niliandika neno moja: «Uchovu.» Shefu wake alisoma neno hilo akaelewa kwamba mzee alilala kazini, na mzee alisimamishwa siku tatu bila mshahara. Hakubisha. Aliniambia tu, akitoka mlangoni: «Muuguzi, keti wewe kwenye kiti kile.»

Nilichukua wiki moja kabla ya kwenda kuketi, na hilo bado linanisumbua. Nilipoketi, kiti kilishuka hadi chini na kugonga chuma. Kile kifaa cha kukibeba kilikuwa kimekufa. Kipande cha godoro kilikuwa kimefungwa kwa kamba juu yake. Nilifungua daftari la kamyo, lile ambalo shofere anaandika makosa ya gari kila mwanzo wa posti: neno «kiti» lilikuwa limeandikwa mara tatu kabla ya usiku ule, kwa mikono ya watu watatu. Freni zilikuwa zimeandikwa mara moja, na zilitengenezwa siku ileile. Kiti hakikuguswa.

Neno «uchovu» halikuwa uwongo. Lakini lilikuwa neno la kufunga mlango. Mtu akisema uchovu, watu wanamtazama shofere, hawatazami gari. Leo ningeandika mstari mzima: amelala saa sita, hana pombe, kiti kimekufa, njia ya chini ina mawe, usiku wa nne mfululizo. Siku tatu za mzee zisingerudi, labda, lakini kiti kingetengenezwa.

Tangu wakati ule, shofere akija kwangu baada ya hatari ndogo, simwulizi tu «umelala?» Ninatumia maswali sita yaliyotungwa na Sandra Hart wa NASA, shirika la Marekani linalorusha watu angani, pamoja na Lowell Staveland, wakayachapisha mwaka 1988 kwa kupima mzigo wa akili wa marubani. Mimi nayauliza kwa Kiswahili chetu. Kichwa kilifanya kazi kiasi gani? Mwili je? Ulikuwa unakimbizwa na saa? Unaona ulifanikiwa? Ilikubidi ujikaze kiasi gani? Ulikasirika au ulikata tamaa? Mtu anaweka alama kwenye mstari kwa kila swali, kutoka kidogo hadi sana. Haihitaji mashine, inahitaji kalamu na dakika tano. Jambo linalonishangaza kila mara ni swali la tano. Shofere aliyefanya kazi bila kosa lolote, tani zote zimefika, anaweka alama mwisho kabisa wa mstari: nilijikaza sana. Kazi yake kwenye karatasi ya shefu ni sawa na ya jirani yake mwenye kiti kizuri. Lakini mmoja amebaki na akiba kichwani na mwingine hana, na siku kamyo nyingine itakapokatisha njia ghafla ndipo tutaona tofauti.

Najua mashefu wataniambia: kiti ni raha, freni ndiyo usalama. Nawaheshimu, wana tani za kutoa, na kamyo iliyosimama garaji kwa ajili ya kiti inaonekana kama mchezo. Lakini freni hazijikanyagi zenyewe. Mtu ndiye anayekanyaga, na kabla ya kukanyaga lazima aone, aelewe na aamue. Kiti kinachogonga chuma kinachelewesha hayo yote matatu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha mtikisiko wa mwili mzima kwa siku ya saa 8: ukifika mita 0,5 kwa sekunde ya mraba, mwajiri anapaswa kuchukua hatua, ukipita 1,15, hairuhusiwi kabisa. Na sheria hiyo ilifikiria mgongo hasa. Kama mgongo peke yake umestahili sheria, kichwa nacho kinastahili mstari mmoja kwenye karatasi ya ukaguzi wa asubuhi, karibu na freni na taa.

Mawe ya njiani pia si kazi ya shofere. Mashine ya kusawazisha ikipita chini mara moja kwa posti badala ya mara moja kwa siku, kila kamyo inayoshuka inafaidika, na magurudumu nayo yanadumu, kwa wale wanaopenda hesabu ya franka kuliko hesabu ya vichwa.

Lakini nanyi mashofere, msinipigie makofi haraka. Mtikisiko unapanda pamoja na kasi, na kamyo tupu inatikisika kuliko yenye mzigo. Ni nani anayeshuka mbio kamyo ikiwa tupu ili apate safari moja zaidi? Nimewaona. Tena kiti kizuri kina kirungu cha kukiweka kulingana na uzito wa mtu. Mtu wa kilo 60 anamwachia kiti mtu wa kilo 95, naye anakaa hivihivi, hagusi kirungu, na kiti kinagonga chini kana kwamba kimekufa. Dakika moja inatosha kukirekebisha. Na neno hili la «tumezoea» naomba tuliache. Mtu anazoea kutosikia mtikisiko. Mgongo hauzoei, na ubongo unaendelea kufanya kazi ileile ya kuandaa mwili kwa kila shimo, umezoea au hukuzoea. Yule mzee alikuwa na miaka zaidi ya ishirini kwenye volani.

Ukiona umepita mahali na hukumbuki kupita, ukiitwa na radio mara mbili, ukijikuta huna habari na kioo cha pembeni, hizo ni dalili zilezile za ambulansi yangu: sufuria imejaa. Punguza mwendo, omba kusimama mahali panaporuhusiwa, shuka, tembea kuizunguka kamyo. Kufungua dirisha na kupiga muziki kunasaidia dakika chache tu. Usingizi wa dakika 20, pale ambapo sheria ya kazi inakubali na kamyo imezimwa, unasaidia zaidi, mradi umpe mtu dakika chache za kuamka vizuri kabla ya kugusa volani. Kwa lutuku sina la kusema ambalo hamlijui.

Mama wa nyumbani, neno lako nimeliweka hapa kwa sababu wewe unashika dawa ambayo mimi sina. Mwaka 1997 watafiti wawili huko Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo anafanya kazi vibaya sawa na mtu mwenye gramu 0,5 ya pombe katika lita ya damu. Piga hesabu. Baba akiamka alfajiri, mchana akaenda kwenye matanga, akarudi akatengeneza bati la nyumba, kisha akaingia posti ya usiku, saa hizo 17 zinatimia karibu na usiku wa manane. Bado ana nusu ya posti mbele yake, juu ya kiti kinachombembeleza. Najua nyumba za kambi ni ndogo na bati lina joto. Najua watoto hawana pa kucheza. Lakini pazia zito dirishani, simu yake mkononi mwako, na wageni kuambiwa warudi jioni, si kumfanya baba kuwa mfalme. Shemeji akikasirika, mwonyeshe ukurasa huu.

Na akirudi asubuhi akiwa hasemi, anaulizwa jambo moja mara tatu, usianze ugomvi siku hiyo. Mpe bukari yake, mwache alale. Akiamka muulize kiti kilikuwaje.

Kwa upande wangu, nimeomba na nimekubaliwa kuweka daftari dispanseri, mezani, upande wa kushoto wa mizani ya watoto. Kila shofere anayetoka posti anaweza kuingia bila kungoja zamu ya wagonjwa, akaandika namba ya kamyo, tarehe, na maneno mawili juu ya kiti na njia. Jina si lazima. Kila Ijumaa nitalipeleka garaji mimi mwenyewe na kurudi na jibu kwa kila mstari, hata kama jibu ni «bado». Anayeona Kifaransa ni kigumu aandike Kiswahili. Mwandiko mbaya usimzuie mtu. Wangu ni mbaya zaidi, mwulizeni mfamasia.